Boksi la watu wawili

Mpwa wangu wa Sinza amenipigia mara tatu mwezi huu. Aliona picha niliyomtumia mama yake: mzee wangu, yaani mume wangu, amevaa aproni, anakata vitunguu jikoni kwetu Göteborg, na pembeni kuna boksi la chakula. Sasa naye anataka biashara hiyo Dar es Salaam, awe anawapelekea watu vyakula vilivyopimwa tayari, wapike wenyewe nyumbani. Kwenye simu nilimjibu juu juu kwa sababu jambo lenyewe nilikuwa bado nalitafakari. Leo namjibu kwa kirefu.

Huku Uswidi ndiko mambo haya yalikoshika mizizi. Mwaka 2007 Bi. Kicki Theander alianzisha kampuni aliyoiita Middagsfrid, yaani amani ya mlo wa jioni, na siku hizi kila mtu hapa anajua matkasse, mfuko wa chakula. Wajerumani wa HelloFresh walifuata mwaka 2011. Unachagua mapishi ya wiki kwenye simu, kisha siku yake boksi linaletwa mlangoni: nyama au samaki, viazi, karoti mbili, limau moja, viungo kwenye vipakiti, na kadi yenye picha za kila hatua. Usiposimamisha mapema, la wiki ijayo linakuja na pesa inakatwa.

Sisi tumestaafu wote wawili. Mimi nimehudumia wazee majumbani miaka 24, nikiwanyanyua na kuwaogesha, na bega la kulia limebaki na maumivu. Mzee alikuwa dereva wa tramu. Desemba huku saa tisa na nusu alasiri jua limeshazama, njia zimeganda barafu, na mtu wa umri wetu akiteleza na mifuko ya sokoni anaweza kuvunjika nyonga. Binti yetu ndiye aliyetuagizia boksi la kwanza.

Siku hiyo nilikuwa nimelala kidogo baada ya kuoga. Nilipoamka nikasikia kisu kinagonga ubao. Mzee amevaa miwani, ameiegemeza kadi kwenye chupa ya mafuta, anapima krimu kwa kikombe kidogo huku ameinama ili jicho lilingane na mstari. "Mama, hapa wameandika nusu desilita," akaniambia, "nimeona imezidi nikapunguza." Samaki alikuwa salmoni, vipande viwili, na majani ya shibiti ambayo Waswidi hawaachi kuyatia kwenye samaki. Tumeoana miaka 41. Katika miaka hiyo alileta mshahara, alilea, alinifundisha kuendesha gari, lakini kitunguu hakuwahi kukimenya, kwa sababu alikolelewa mwanaume akionekana jikoni watu wanamsema. Nilikaa kwenye kiti nikala chakula alichonipikia yeye, na machozi yalinitoka. Kwa hilo tu nalishukuru boksi, na sitamkubalia mtu anayesema ni uvivu wa Wazungu.

Nalitetea na kwenye jingine. Makaratasi na plastiki zake zinaudhi, lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 2019 walilinganisha milo ya boksi na milo ileile ya kununuliwa supamaketi, wakakuta ya supamaketi inatoa gesi joto zaidi, kwa wastani asilimia 33. Sababu mojawapo kubwa ni chakula kinachonunuliwa kikaishia kutupwa. Kasoro zipo: wiki moja boksi liliachwa chini, nje ya jengo, kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri, viazi vikaganda kama mawe. Pesa walirudisha.

Ila kuna jioni moja sijaisahau. Kijana wa Bukavu anayesoma hapa alikuja kutufungia taa. Alipomaliza tulikuwa tunaandaa meza, na mezani kulikuwa na vipande viwili vya samaki na viazi vya kuhesabu. Tukakata tukagawana watatu. "Niko sawa, Mama, nilikula," akasema, akaweka uma chini mapema. Nilijua hakushiba. Mwaka 2022 mitandaoni watu waliwasema sana Waswidi, kwamba mtoto akija kucheza na mwenzake huachwa chumbani wenye nyumba wakila. Wao walijieleza kwamba hawataki kuvuruga mlo ambao familia ya mtoto imeshampangia. Niliwasema na mimi. Jioni ile nikajiona nimefika palepale, kwa boksi langu la watu wawili. Mama yangu, Mungu amrehemu, akimaliza kupima mchele aliongeza konzi moja na kusema "ya mgeni", hata siku ambayo mgeni hakuja.

Sasa, mwanangu, rudi nyumbani uangalie. Mama yako mdogo pale Ngamiani, Tanga, neno matkasse hajawahi kulisikia lakini anaishi nalo kila siku. Asubuhi anatuma mtoto gengeni: nyanya fungu moja, kitunguu, hoho, mafuta ya kupima. Kisamvu kimeshatwangwa, nazi inakunwa palepale. Samaki wa Deep Sea, soko la samaki la pale Tanga, anapita kwa baiskeli mpaka mlangoni, na anaparuliwa magamba ukiwa umesimama. Pesa isipotimia, inaandikwa kwenye daftari. Wageni wakitokea saa saba, mtoto anarudi kuongeza fungu jingine. Mama wa gengeni anajua shemeji ana sukari, na mwezi ule alipolazwa alipeleka mboga mwenyewe bila kuagizwa. Hapa kampuni inajua namba ya kadi yangu ya benki.

Kwa hiyo usilete boksi la kumuua mama huyo. Chukua kile kinachofaa: ile kadi ya picha, inayomfanya mwanaume aliyestaafu aweze kupika peke yake. Andika kwa Kiswahili, samaki wa kupaka, mchicha wa nazi, ugali wa dona kwa mwenye sukari. Mlipe mama wa gengeni afunge mafungu, bodaboda apeleke kwa wazee ambao watoto wao wako mbali, na bei ibaki ya gengeni. Wazee wengi kwetu wanakula wanachopikiwa na msichana wa kazi, au hawali akiondoka. Hao ndio wateja wako.

Sisi huku tumeongea tukabadilisha. Mwanzo tulikuwa tunachukua mlo wa siku tano kwa watu wawili, sasa ni siku tatu kwa watu wanne. Alhamisi kijana wa Bukavu anakuja na mwenzake. Mzee ameshaanza kuniuliza tangu Jumatano kama viazi vitatosha.