Nina Pikapu Tatu, Zote Ziko Kwenye Gita

Jamani mwenye kujua chumba na sebule maeneo ya mbali na Mbagala anishtue, nataka kuhama, sababu mtaa mzima unaamini nina pikapu tatu nimezificha mahali na roho mbaya tu ndo inanizuia kuwabebea watu matofali.

Ngoja nianze mwanzo. Mi napiga solo kwenye kwaya mwaka wa 11 sasa, na miaka yote hiyo nimepiga gita la kanisa, lile ambalo likikaa karibu na dirisha lenye jua linajibadilishia tyuni lenyewe, kwaya inaanza na G inamaliza haijulikani wapi, alafu mwalimu wa kwaya ananikata jicho mimi kama vile jua nimeliwasha mimi. Na sio kwamba nadeka, mi nimejifunzia gita la galoni na waya wa breki za baiskeli. Ila mwaka huu nafikisha 40, nikasema hapana, na mimi nimiliki gita la umeme la maana, langu, la kulala nalo ndani.

Kosa la kwanza ni kuomba ushauri. Ukiulizia mchumba watu wanakuficha ficha mambo, ila ulizia gita uone, kila mtu anafunguka. Mzee mmoja wa bendi za dansi akaniambia chukua Stratocaster, sauti yake inakata kama wembe, sebene bila ile sauti sio sebene, ni maombolezo. Kijana anayepiga hotelini akasema achana na mzee, chukua mtindo wa Les Paul, sauti nene na halingurumi. Nikaenda Kariakoo nikalivaa. Aisee, mgongo uliniuliza tunahama? Ibada yetu masaa matatu, matangazo sijahesabu. Shingo yake lakini tamu, nyuzi zake zinapimwa inchi 24 na robo tatu, za Stratocaster 25 na nusu, na hiyo robo tatu ya inchi ukiambiwa unaona upuuzi ila vidole vyangu vifupi hivi viliielewa palepale, nyuzi laini unazikunja kama unakunja kanga.

Na mjomba wangu wa Kilwa naye hajawahi kushika gita ila alikuwa na lake, eti nichongeshe gita zima la mpingo, mbona wazungu wanaufuata huku kwa ajili ya klarineti zao. Mjomba, mpingo ukiutupa kwenye maji unazama! Nitazama nao!

Mgongo ukashinda. Nikachukua Stratocaster ya mtumba, ya bluu, ya Squier, ambayo na Fender, kampuni yenyewe ya Stratocaster, ni baba mmoja ila yeye kasoma shule ya kata. Laki sita na nusu. Mama Neema akalizunguka mara mbili, akahesabu nyuzi kwa kidole, akasema "kwahiyo baba Neema, kila uzi laki," akaingia jikoni. Hiyo nusu sikuitaja na naomba tusiitaje.

Usiku nikachomeka kwenye amplifaya. Mmmmmmmmm. Nikadhani friji. Nikazima friji, mmmmmm. Nikazima taa, ikapungua, nikakaa gizani kama mwizi na gita langu, bado mmmm. Ndo nikagundua nikigeuka geuka ngurumo inapanda na kushuka, kuna upande mmoja tu ambao linanyamaza kabisa, na upande wenyewe ni wa kibla. Mi mwanakwaya! Jirani yangu shehe alicheka mpaka akakaa chini, akasema gita limeshasilimu limebaki kunisubiri mimi.

Nikalipeleka kwa fundi redio, sababu fundi wa magita mtaani hatuna. Nikasema kwa aibu aibu kwamba samahani fundi najua sio kazi yako. Akachukia! Akaniambia Leo Fender mwenyewe aliyeliunda alikuwa fundi redio, alikuwa na duka lake la kutengeneza redio huko Fullerton, California, na mpaka anakufa kupiga gita hakujua, kwahiyo wewe ndo unaingilia kazi za watu. Nikanywea. Akaendelea, hajamaliza, kwamba hii swichi unayoiona ina vituo vitano, mwaka 1954 ilitoka na vituo vitatu tu, wapigaji wakawa wanaikwamisha katikati wapate sauti za pikapu mbili, vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi, kwa pamoja, kiwanda kikawaangalia weee, kikaja kukubali mwaka 1977. Miaka 23! Nikamwambia afadhali hao, mi barabara yetu haijajibiwa mpaka leo.

Akafungua. Bwana eh, ndani ya gita hamna kitu. Laki sita na nusu, ndani kuna shimo, nyaya tatu nne na vumbi la nchi za watu. Pikapu yenyewe ni sumaku imezungushiwa waya mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu, inanasa mtikisiko wa uzi, ila inanasa na umeme wa nyumba nzima, wa jirani, na wa mashine ya kusaga. Dawa ni mbili. Moja, kulitandika lile shimo foili yote, nikaenda nikaiba foili ya jikoni, na kwakuwa aluminiamu haishiki risasi fundi akaibana na skrubu. (Jumapili mama Neema alitafuta foili ya samaki, mi nikatafuta pamoja naye, mpaka chini ya kitanda nilitafuta.) Ya pili ni kung'oa pikapu ya nyuma uweke hambaka, ambayo ni koili mbili zimepishana mgongo, ngurumo ya huyu inaua ngurumo ya yule, kama wambea wawili ukiwakutanisha uso kwa uso. Alafu eti na vile vinobu vya kuongeza na kupunguza sauti, vya kilo-ohm 250, tuweke vya 500. Hobi hii kila kitu kinaongezeka mara mbili isipokuwa mshahara.

Sasa hapo ndo nilipojimaliza. Nilikuwa uani karibu na bomba, naongea na muuzaji kwa simu, kwa sauti, sababu mtandao unakata. "Ninazo tatu! Ya mbele na ya kati nzima kabisa! Ya nyuma ndo inanguruma mno, nataka niitoe niweke mpya! Hapana siuzi! Ndiyo, pikapu zote tatu zangu!" Nyuma yangu wamama wanne wenye ndoo. Zilikuwa zimeshajaa zinamwagika na hakuna aliyefunga bomba.

Kesho yake shemeji kapiga simu, mwaka mzima hajapiga, anaulizia afya yangu na mchanga wake tripu mbili kutoka Kongowe. Kikoba cha mama Neema wakamuuliza mbona anakopa elfu hamsini wakati mumewe ana biashara ya magari. Mwenye nyumba akapita, hakusema kitu, akaangalia bati, akaangalia mimi, akasema "maisha yamepanda sana," na jioni akatuma meseji ya kodi mpya.

Jumamosi asubuhi ndo akaja mjumbe, mzee wa watu, sikio la kushoto halipo na la kulia linajikaza. Kuna msiba mtaa wa pili, wanaomba pikapu moja, hata ile inayonguruma, ikabebe viti na turubai. Nikasema mzee wangu shikamoo, subiri kidogo. Nikaingia ndani nikalitoa gita, nikampakatisha kabisa, nikamuonyesha moja, mbili, tatu, hizi ndo pikapu mzee, mi gari sina, nina gita.

Akaliangalia. Akalirudisha taratibu kama mtoto wa watu.

"Basi mwanangu, kama pikapu hutaki kutoa, lete hilo guta."

"GITA, mzee!"

"Ndiyo, guta. Viti mia tu, linatosha."

Nimekodi guta elfu kumi na tano, hela ya nyuzi mpya hiyo, na kwenye ule mlima kabla ya msikiti nimeshuka nimesukuma mwenyewe.