Kumsoma mpinzani au kuziba njia zake?

Super Smash Bros. Melee, gemu ya video ya kupigana, ilitoka mwaka 2001, na hadi leo watu wanaichezea mashindano. Haina kipimo cha uhai kinachoshuka hadi sifuri. Kila pigo linakuongezea asilimia, na kadiri asilimia inavyopanda ndivyo pigo linalofuata linavyokurusha mbali zaidi, mpaka siku yako ifike utupwe nje ya uwanja. Mashindanoni kila mtu huanza na maisha manne. Katika gemu ya namna hii swali moja halikwepeki: mpinzani yuko taabani, ana njia nne za kujinasua, na wewe unaweza kuziba mbili tu, pengine tatu. Ubahatishe ya nne?

Wapo wanaosema msome mtu. Ameshabiringika kulia mara tatu, mngojee huko hukohuko. Ndizo klipu zinazosambaa, na ukumbi mzima husimama zinapotokea. Wengine wanaona huo ni ulevi: ziba njia nyingi uwezavyo, chukua faida ndogo, rudia.

Chukua mpinzani aliyeangushwa sakafuni. Anaweza kuinuka palepale, kubiringika kuja kwako, kubiringika kukukimbia, au kuchelewa kubonyeza na kubaki amelala. Gemu inakwenda fremu (yaani picha) 60 kwa sekunde, na binadamu huchukua takribani robo sekunde kuona na kubonyeza, yaani fremu 15 hivi. Ukiwa karibu na mhusika unayemtumia ni Captain Falcon au Sheik, muda huo unakutosha: subiri uone, kisha mfuate. Kubahatisha hapo ni uvivu uliovishwa joho la ujanja. Ila ukiwa mbali, au mhusika wako akiwa mzito wa miguu, huwezi kungoja. Ukiona tayari umechelewa. Ubishi mwingi ungekwisha kama watu wangeanza kwa kutaja umbali.

Suala la malipo ndilo gumu zaidi. Mhusika Jigglypuff ana pigo liitwalo Rest. Linafanya kazi kwenye fremu ya kwanza kabisa, na kwa wahusika wengi huua mapema mno. Ukikosa, unalala usingizi kwa takribani sekunde nne, na mpinzani anajiandalia pigo zito atakavyo. Hata ukipata hujasalimika: aliyekufa anaweza kurudi uwanjani akakukuta bado unakoroma. Mchezaji Hungrybox aliyabeba mashindano makubwa ya Evo 2016 akiwa na Jigglypuff, akimpiga Armada wa Uswidi kwenye fainali, na wasiompenda walimwita mchoshi kwa sababu ya subira yake. Mimi subira ile naiona ni hesabu. Mwenye karata inayolipa hivyo na kugharimu hivyo hana haja ya kuitupa ovyo. Kule kuogopwa tu kunamfungia mpinzani milango.

Hesabu hiyo hubadilika na ubao wa matokeo. Ukiongoza kwa maisha mawili, mbona ubahatishe? Ukiwa nyuma, na kila mabadilishano ya kawaida yanamfaa mwenzako, kungoja ndiko kunakokuzamisha.

Kambi ya kuziba nayo ina shimo lake, na haipendi kulisema. Anayeziba njia zilezile kila mara naye ana mazoea, kwa hiyo anasomeka. Mchezaji mzuri atagundua kwamba daima unaiacha ile njia ya nne, ataipita usiku na mchana, na wewe utabaki kusema anabahatisha. Inabidi uiendee mara mojamoja, hata kwa hasara, ili asiitumie bure.

Slippi, programu ya kuichezea Melee mtandaoni, imerahisisha kazi, kwani kila pambano linahifadhiwa na unaweza kulirudia taratibu. Wengi hutazama vifo vyao tu. Ningetazama zaidi maamuzi yaliyofanikiwa: je, angechagua njia nyingine, ningelipa nini? Ukikuta ungelala sekunde nne mbele ya mtu mwenye asilimia kumi, ile haikuwa akili, ilikuwa bahati.

Halafu kusoma kunataka ushahidi. Mgeni uliyekutana naye mtandaoni dakika moja iliyopita hujui anaogopa nini, kwa hiyo ziba tu. Kwenye mchezo wa nne wa seti ya kushinda mitatu, umeshamwona akiangushwa mara nyingi, na mara nyingi akiwa na wasiwasi. Hapo ndipo ningeanza kumngojea kulia.