Kushindwa Kigoma Mjini si kufa

Mwandishi wa makala moja anasema mgombea ubunge wa upinzani aliyebwagwa jimbo la Kigoma Mjini "kisiasa amekwisha". Una haraka ndugu yangu. Waulize wazee wa Ujiji habari za Dk. Aman Walid Kabourou. Uchaguzi mdogo wa 1994 aligombea kwa CHADEMA, akatangazwa kashindwa na Azim Premji wa CCM. Hakukubali, akaenda mahakamani. Matokeo yakabatilishwa, na mojawapo ya hoja zilizombeba ni kwamba Redio Tanzania, redio ya serikali, ilikuwa inaipendelea CCM kwenye kampeni. Uchaguzi Mkuu wa 1995 akalichukua jimbo.

Sisemi wa safari hii naye kaibiwa kura, sijaona fomu za matokeo vituoni. Kama mawakala wake (wasimamizi wake vituoni) walibaki na nakala, hapo pa kuanzia papo. Ila kesi ina gharama: dhamana ya gharama za kesi inaweza kufika shilingi milioni 5 kwa kila mjibu maombi (yaani kila unayemshitaki), na hapo wakili hujamlipa (huyo naye hali dagaa).

Na ninyi mnaomwambia mgombea huyu akalime michikichi, mbona nanyi mlikuwa kwenye mikutano yake pale Mwanga, Kigoma, mkipiga vigelegele?