Fremu 120, Televisheni Inchi 32

Yakhe, zamani mtoto akitaka mpira unamnunulia mpira, habari imekwisha. Siku hizi anataka mashine ya gemu, na anakujia na teraflopu, yaani kasi ya mashine kupiga mahesabu. Wangu kakaa ukumbini na simu yake ananisomea: "Baba, PS5 teraflopu 10, Xbox Series X 12, Series S 4." Nikamuuliza teraflopu moja inakaanga samaki wangapi. Kanuna.

Ati PS5 inatoa picha kali sana ya 4K na inaweza kufika fremu 120, yaani picha 120, kwa sekunde. Sawa, na televisheni yetu? Inchi 32, HD ile ya watu wa kawaida, mwisho wake ni 60. Yaani nikate tiketi ya boti ya Pemba nishukie Nungwi! Na hayo makubwa yote anachezea nini? Mpira. eFootball, ambayo tangu 2021 ni ya bure, na hata PS4 ya mwaka 2013 inaicheza.

Basi mie nikaelemea kwenye rahisi. Zilipotoka 2020, PS5 ya diski ilikuwa dola 499, isiyo na diski 399, Series S 299. Nikasema hiyohiyo ya mwisho, tena haili umeme: wati hazifiki 100, wakati PS5 ikipamba moto inakwenda kama 200, na tukuza, umeme wa kulipia kabla, natia mie. Kijana mmoja wa Darajani akanivuta pembeni. "Mzee, hiyo haina pa kutilia diski. Kila gemu utalishusha kwa bando."

Gemu kubwa za sasa zinapita GB 100! Bando la kiasi hicho mie naliona kwenye matangazo tu. Diski angalau mtoto akilichoka gemu anabadilishana na mwenziwe wa Kikwajuni, au analiuza tupate hela ya mkate. Hili la kushushwa huliazimi, huliuzi, hulirithishi. Umeokoa dola mia mbili dukani, unazilipa kidogo kidogo kwa vocha mpaka unazeeka. (Na hiyo ya diski nayo ina kiburi, ukiitia tu mara nyingi inataka intaneti ijisasishe kwanza. Lakini walau diski unayo mkononi.)

Alipoona nimeshupaa akaja na kompyuta. "Itanisaidia na masomo, baba." Masomo gani yanayotaka kadi ya picha yenye feni tatu na taa za harusi?

Nikakata shauri: PS4 iliyotumika, ya diski, pedi mbili, khalas. Kimya. Mama yake, aliyekuwa anachagua mchele muda wote huo, akainua kichwa.

"Na hiyo gemu mtaichezea televisheni gani? Maana hii saa mbili usiku ina tamthilia yangu."

Mtoto akadakia palepale: "Ndiyo maana nasema, mama, tununue na ya 4K."