Hatifungani ya maji ya Tanga: nani anamlipa nani?

Tarehe 22 Februari 2024, jijini Tanga, Dk. Philip Mpango, aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo, alizindua hatifungani ya kijani, yaani hati ya kukopa fedha kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi inayojali mazingira, ya Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga, Tanga UWASA. Thamani yake ilikuwa shilingi bilioni 53.12, muda wake miaka 10, na riba yake asilimia 13.5 kwa mwaka. Dirisha la mauzo lilipofungwa fedha zilizokuwa zimeletwa na wawekezaji zilikuwa zimepita lengo, na Mei mwaka huohuo hatifungani ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Fedha hizo zilikusudiwa kuongeza uzalishaji wa maji kutoka lita milioni 45 hadi milioni 60 kwa siku, kupanua mtandao wa mabomba na kufunga dira za malipo ya kabla. Hakuna mamlaka ya maji nchini iliyokuwa imewahi kwenda sokoni kwa njia hiyo, na kwa sababu hiyo pongezi zimekuwa nyingi kuliko maswali. Pongezi zina msingi wake. Hata hivyo hatifungani ni deni, na deni lina mlipaji, ambaye katika jambo hili ni mtu anayefungua bomba Makorora, Duga au Muheza.

Tuanze na hoja ya wanaounga mkono, kwa kuwa ina nguvu. Kwa miaka mingi miradi mikubwa ya maji imekuwa ikisubiri bajeti ya Hazina, Mfuko wa Taifa wa Maji, au mfadhili wa nje mwenye masharti na ratiba yake. Foleni hiyo ni ndefu, na mji ambao bomba lake linatoa maji, hata kama ni kwa mgawo, hauwezi kutangulizwa mbele ya kijiji kisicho na bomba kabisa. Tanga, kwa upande wake, imekuwa ikihesabiwa miongoni mwa mamlaka za daraja A, yaani zile zinazomudu gharama zao za uendeshaji na matengenezo kwa mapato yao wenyewe. Kuitaka mamlaka ya namna hiyo ikae kwenye foleni moja na zile zisizoweza kulipa bili ya umeme ni kuzichelewesha zote mbili. Inapokwenda sokoni, fedha za umma ambazo ingezichukua zinabaki kwa ajili ya wasio na pa kukopa.

Kisha kuna suala la sarafu. Maji ya Tanga yanauzwa kwa shilingi. Mkopo wa nje hulipwa kwa dola au yuro, na kati ya mwaka 2022 na katikati ya mwaka 2024 dola moja ilipanda kutoka takriban shilingi 2,300 hadi zaidi ya 2,600. Shilingi ilijikwamua baadaye, lakini meneja wa fedha hapangi bajeti ya miaka kumi kwa kutegemea bahati. Deni la shilingi linalolipwa kwa mapato ya shilingi linamwondolea mkopaji hatari ambayo hana namna yoyote ya kuidhibiti.

Pia kuna nidhamu. Anayekopa sokoni hulazimika kufungua vitabu vyake: Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA) huvipitia kabla ya kutoa idhini, wawekezaji huvisoma, na taarifa za fedha huendelea kutolewa miaka yote ya deni. Sikumbuki ni lini wananchi wa kawaida walipata nafasi ya kuyajua mambo ya ndani ya mamlaka ya maji kwa kiasi hicho, na inachekesha kidogo kwamba nafasi hiyo imeletwa na mwenye hati, yaani mwekezaji, wakati mwenye dira, yaani mteja wa maji, ameidai siku zote.

Sasa upande wa pili. Asilimia 13.5 si riba ndogo. Mfumuko wa bei nchini mwaka 2024 ulikuwa karibu asilimia 3, kwa hiyo gharama halisi ya deni inazidi asilimia 10. Mwaka 2023 benki ya CRDB ilitoa hatifungani yake ya kijani ya miaka mitano kwa riba ya asilimia 10.25. Soko liliidai mamlaka ya maji asilimia 3.25 zaidi, kwa sababu ya muda mrefu zaidi na kwa sababu ni mkopaji mgeni. Ni kweli kwamba riba hiyo iko chini ya wastani wa mikopo ya benki, ambao umekuwa takriban asilimia 15, na ni benki chache zingekubali kumkopesha mtu wa mabomba kwa miaka kumi. Lakini ikilinganishwa na mkopo wa masharti nafuu kutoka nje wa asilimia moja au mbili, hata ukiongeza kushuka kwa shilingi kwa asilimia tano kila mwaka, mkopo wa nje bado ni rahisi. Wanaosema hatifungani ni nafuu kwa kila hali wanavuka mpaka wa hoja yao. Kinachonunuliwa kwa riba hiyo ni muda na uhuru, na thamani ya muda na uhuru inategemea vitatumiwaje.

Hesabu ndogo itaonyesha ukubwa wa mzigo. Riba ya mtaji wote ni takriban shilingi bilioni 7.17 kwa mwaka. Nyongeza ya lita milioni 15 kwa siku ni mita za ujazo 15,000, na kwa mwaka mzima ni karibu milioni 5.5. Ukigawa, kila uniti, yaani mita moja ya ujazo, ya maji mapya inabeba riba ya takriban shilingi 1,310, kabla ya umeme, dawa za kutibu maji na mishahara, na kabla ya kurudisha hata shilingi moja ya mtaji wenyewe. Kwa dumu la lita 20 hiyo ni shilingi 26. Hapo tumekubali kwamba kila tone limeuzwa na kulipiwa. Yakipotea asilimia 20 ya maji, riba kwa kila uniti iliyouzwa inafika karibu shilingi 1,640. Yakipotea asilimia 30, inafika 1,870. Nakiri kwamba hesabu hii ni kali kuliko hali halisi, kwa kuwa mamlaka ina mapato ya maji yake ya zamani yanayosaidia kubeba deni, na sehemu ya fedha imekwenda kwenye kazi zisizopimwa kwa lita. Hata hivyo inaonyesha mahali ambapo faida au hasara ya hatifungani hii itaamuliwa.

Mahali hapo ni upotevu wa maji. EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hukihesabu kiwango cha hadi asilimia 20 kuwa kinachokubalika, ilhali wastani wa mamlaka za nchi hii umekuwa ukizidi asilimia 30. Maji hupotea kwenye mabomba yaliyochakaa, kwenye maungio ya wizi, na kwenye dira zilizozeeka ambazo husoma pungufu. Katika uzalishaji wa lita milioni 60 kwa siku, tofauti kati ya kupoteza asilimia 30 na kupoteza asilimia 20 ni lita milioni 6 kila siku, sawa na asilimia 40 ya nyongeza yote iliyokopewa fedha. Mamlaka yoyote inayozalisha zaidi bila kuziba huwa inakopa kwa asilimia 13.5 ili kumwagilia barabara. Kwa upande mwingine, ile inayoziba kwanza inapata sehemu kubwa ya maji mapya bila kulipia dawa wala umeme wa ziada. Kwa maoni yangu, mjadala wa iwapo hatifungani ilikuwa wazo zuri au baya hauwezi kumalizwa kwa kutazama riba. Unamalizwa na mafundi wa zamu ya usiku na mkuu wao anayewapa vifaa, jambo ambalo halina mvuto wa kuwekewa zulia jekundu.

Upotevu usipopungua, njia iliyobaki ni bei. Bei za maji huidhinishwa na EWURA baada ya kusikiliza maoni ya watumiaji, na mdhibiti huyo sasa yuko katika nafasi ngumu kuliko zamani. Akizuia ongezeko la bei, mwenye hati anaweza kuchelewa kulipwa na soko zima la hatifungani za mamlaka za umma likaharibika likiwa bado changa. Akiruhusu, analipisha familia uzembe ambao si wao waliuzalisha. Kukopa harusi, kulipa matanga, na katika matanga haya waalikwa hawafanani na wale wa harusini. Aliyeweka shilingi milioni moja anapata 135,000 kila mwaka. Wenye uwezo wa kuweka kiasi cha maana ni mifuko ya pensheni, mabenki, kampuni za bima, na wachache wenye akiba, pengine mwenye duka la jumla Ngamiani. Wanaolipa ni wote, akiwemo mama anayenunua maji kwa dumu kutoka kwenye mkokoteni kwa sababu nyumba aliyopanga haina bomba. Mwanachama wa mfuko wa pensheni hupata kivuli cha faida hiyo siku ya kustaafu, lakini mvuvi wa Deep Sea jijini Tanga na kibarua wa mkonge hawamo katika mifuko hiyo.

Hapa watetezi wana jibu ambalo haifai kulipuuza. Mwananchi asiye na bomba tayari analipa zaidi kwa kila lita kuliko mwenye bomba, na wakati mwingine maradufu mara kadhaa, kwa sababu muuza maji wa mkokoteni anaweka juu ya bei ya mamlaka gharama ya kusukuma na faida yake. Deni linalomfikishia bomba linaweza kumpunguzia matumizi hata kama bei ya uniti imepanda. Jibu hilo ni la kweli kwa sharti moja, kwamba fedha zifike kweli pembezoni, Muheza na mitaa mipya ya Tanga, na kwamba gharama ya kuunganishiwa maji isiwe ukuta mwingine. Iwapo maji mapya yatamezwa na bandari iliyotumia shilingi bilioni 429.1 kupanuliwa, na shughuli za mwisho wa bomba la mafuta ghafi kule Chongoleani, mapato yatakuwa mazuri na hati italipwa bila shida, lakini mama wa dumu atabaki pale alipo. Kwa mwekezaji wa hati hilo si tatizo hata kidogo.

Dira za malipo ya kabla, ambazo watu wameshazibatiza LUKU za maji, ninaziunga mkono kwa nusu. Zikifungwa kwenye ofisi za serikali, kambi, shule na hospitali, zinaondoa ugonjwa wa siku nyingi wa taasisi za umma kutumia maji na kuacha ankara zirundikane. Zikifungwa kwa kaya maskini, zinakata maji kimyakimya, bila onyo wala mazungumzo, siku ambayo nyumba haina shilingi. Ningeanza na taasisi.

Kuhusu ukijani wa hatifungani, lebo ina maana ikiwa fedha zinafika kwenye chanzo. Maji ya Tanga hutoka mto Zigi, unaoteremka kutoka misitu ya Amani katika Usambara Mashariki hadi bwawa la Mabayani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji wadogo wa dhahabu waliivamia milima hiyo na mto ukachafuka. Mamlaka imekuwa ikishirikiana na umoja wa wakulima wa bonde hilo, UWAMAKIZI, ili kingo za mto zisilimwe. Mkulima anayeacha kulima ukingoni anatoa huduma inayolinda marejesho ya bilioni 53, kwani tope likijaa bwawani hakuna mtambo utakaofikisha lita milioni 60. Anastahili malipo ya kudumu yanayoonekana katika bajeti, kama anavyolipwa mwenye hati.

Mamlaka nyingine zimeanza kuitazama Tanga kwa hamu. Mimi ninaona Tanga ilikuwa na haki ya kukopa, kwa sababu ilikuwa na mapato, chanzo cha uhakika na wateja wakubwa wanaoongezeka. Mamlaka ya daraja C haina hata kimoja kati ya hivyo, na kuipeleka sokoni kutaishia kwa Hazina kubeba deni lake. Kabla ya idhini ya hatifungani inayofuata ingefaa EWURA na CMSA zidai mambo mawili: kiwango cha upotevu wa maji kilichokaguliwa na mtu wa nje, kitangazwe kila robo mwaka katika ubao wa kila ofisi ya mamlaka, na orodha ya madeni ya taasisi za umma kwa majina. Tanga yenyewe inaweza kuanza kufanya hivyo bila kusubiri kuamriwa, kwa kuwa deni lake linaendelea hadi mwaka 2034 na wateja wake watalilipa kila mwezi wa miaka hiyo.