Salamu Iliyozidi Kipimo

Chupa iliandikwa waziwazi: mpulizie farasi dawa hii, manyoya yatang'aa, na vumbi na tope vitateleza visimshike. Hilo neno la kuteleza nililisoma kwa macho yangu mawili. Sikujiuliza kama na mimi nimo kwenye orodha.

Nilikuwa nimejifunza kupanda farasi kwa miezi 8, baada ya miaka 43 ya kuwatazama kwa mbali na kwa heshima. Mwalimu wangu, mama mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, akaamua nimeiva kwa mashindano ya wanaoanza. Si yale ya kuruka viunzi, Mungu apishe mbali. Ni yale ya kumwongoza farasi uwanjani taratibu, jaji anatazama, na kila tendo lina alama zake kuanzia 0 hadi 10.

Uwanja wenyewe ni mita 20 kwa 40, na pembeni umezungushiwa vibao vya herufi: A, K, E, H, C, M, B, F. Nani aliyezipanga hivyo, na alikuwa amekula nini, sijui. Ili zinikae kichwani nikatunga sentensi: "Asha Kamwambia Edi Hana Chumvi, Mwombe Bi Fatu." Wiki 2 nzima nilizunguka meza ya sebuleni nikinong'ona habari za Asha, mpaka mke wangu akaweka kisu chini na kuuliza huyo Asha ndiye nani.

Lakini Asha hakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa X. Hiyo iko katikati kabisa ya uwanja, baina ya E na B, na hapo ndipo unaposimama kumsalimu jaji aliyeketi kule C. X haina kibao. Ipo tu, uijue mwenyewe. Mimi alfabeti yangu ya Kiswahili haina X kabisa, na sasa naambiwa nikaisimamie juu yake, tena haionekani!

Amri ya kwanza kwenye karatasi ilisema: ingia A kwa matiti, simama X, salimu. (Msicheke. Matiti ni mwendo wa farasi ulio kati ya kutembea na kupiga shoti. Ndivyo unavyoitwa tangu zamani, sina la kufanya.) Na salamu ina utaratibu wake: hatamu unazikusanya mkono mmoja, mkono wa pili unauteremsha ubavuni, kichwa unakiinamisha kidogo. Kidogo, alisisitiza mwalimu. Bahati mbaya mimi salamu za nusunusu siziwezi.

Sasa farasi. Nilipewa Theluji, jike la miaka 21, mweupe pe, ingawa wenye farasi watakubishia mpaka jioni kwamba ni wa kijivu, maana farasi wa namna yake huzaliwa na rangi nzito na kuwa weupe kadiri wanavyokua. Siku moja kabla ya mashindano nilimwosha kwa shampuu mara 2. Mkia nikauchana unywele kwa unywele. Shingoni nikamsuka mabutu 13, kila moja na msimamo wake wa kisiasa. Kisha nikachukua ile chupa. Ubavuni, puu. Mapajani, puu. Mgongoni, puu puu puu, kwa hoja kwamba jaji anaweza kuwa mrefu, akaona juu. Nilimwacha bandani anang'aa kama jino kwenye tangazo la dawa ya meno.

Nilikuwa nimesoma mahali kwamba farasi hulala wamesimama. Ni kweli, husinzia wamesimama. Usingizi mzito huwalaza chini, na Theluji usiku ule alilala fofofo, mto wake ukiwa ni kinyesi chake mwenyewe. Alfajiri nilikuta doa la kijani pajani, ukubwa wa sinia.

Nikaanza upya. Doa lilitoka kijani likawa njano, hapo likagoma. Nilikuwa nimeshavaa suruali nyeupe ya mashindano (sare iliyobuniwa, naamini, na mtu asiyewahi kuingia bandani), na kila nilipochota maji Theluji alinifutia mdomo kifuani, amejaza majani yaliyotafunwa. Mwishowe tulifanana madoa. Nikamkausha, nikampulizia tena dawa mwili mzima, mgongo nikauongezea.

Kazi hiyo ilikula muda wote wa kupasha misuli moto. Nikabwaga tandiko, nikakaza mkanda wa tumboni, nikapanda. Hapa lazima nikiri: nalijua somo la mkanda. Farasi wengi ukiwakaza hujaza tumbo, halafu wakitembea kidogo wanapumua na mkanda unabaki umelegea, kwa hiyo unakaza tena kabla ya kuingia. Nalijua vizuri sana, hata nimewahi kulieleza watu.

Langoni alikuwepo binti wa miaka 9 juu ya kifarasi chake, msafi kama amefunguliwa kutoka kwenye boksi. Akanitazama mkandani.

"Anko, umekaza mara ya pili?"

"Mwanangu," nikamwambia, "Anko hakuanza jana."

Kengele ikalia. Mwalimu akasimama kando na karatasi ili anisomee, maana ngazi yetu inaruhusiwa kusomewa. Nikaingia A kwa matiti, mstari umenyooka, nikashangaa mwenyewe. X nikaiona, wallahi niliiona! Theluji akasimama kama nguzo. Nikakusanya hatamu, nikashusha mkono wa kulia, nikainamisha kichwa.

Na tandiko likainama nami.

Halikuanguka, la. Liliteleza kwa upole, kama jua linalozama. Jaji, mtu muungwana, akaitikia kwa kichwa. Mimi bado nashuka. Akaona pengine hakuitikia vya kutosha, akaitikia tena.

"Songa mbele kwa matiti!" mwalimu akapaza sauti, macho kwenye karatasi. "C, pinda kulia!"

Kwa wakati huo nilikuwa nimelala ubavuni mwa Theluji kama begi. Nikapata nafasi ya kuutazama ule mkanda kwa karibu: kati yake na tumbo ungeweza kupitisha kitabu kinene. Farasi mwingine, tandiko likihamia tumboni, angetimua mbio uwanja mzima. Theluji alishusha pumzi tu, ile aliyokuwa ameibana tangu bandani, na tandiko likamaliza safari yake. Nikatua mchangani kwa bega.

"B, duara la mita 20!" Kimya. Mwalimu akainua macho, akaona farasi hana mtu. "Kaka? Uko wapi?"

"Nipo X, Mwalimu."

Kengele ikalia tena. Ukianguka, umetoka. Yule binti alishinda kundi letu, halafu akaja kunisaidia kufungua tandiko, akapapasa mgongo wa Theluji, akanusa kiganja chake, akanitazama. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Jioni nikapewa karatasi yangu ya alama. Visanduku vyote vitupu isipokuwa cha kwanza, chenye 6 na mwandiko wa jaji: "Ameingia vizuri. Farasi ametulia sana. Salamu ifupishwe."