Ukishafunga mkanda, msikilize yule binti

Wiki iliyopita nilipanda ndege ya asubuhi kutoka Dar kuja KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro. Niliomba kiti cha dirishani upande wa kulia, kwa sababu ukitokea Dar mlima unakuja mkono wa kulia, na miaka yote hii bado sijashiba kuuona. Safu mbili mbele yangu alikaa bwana mmoja mwenye suti nzuri. Abiria walikuwa bado wanaingia, njia ya katikati imejaa watu na mabegi, naye akamwita mhudumu kwa "pssss" ile ya baa. "We binti, maji!" Binti akamjibu kwa adabu kwamba mlango ukishafungwa na ndege ikishapaa atamletea. Yule bwana akamgeukia jirani yake, akasema kwa sauti ya kutosha sisi wote kusikia: "Hawa wamewekwa hapa watuhudumie, sasa wanatupangia."

Nimekaa na maneno hayo wiki nzima. Kazi ya yule binti niliifanya miaka kumi na moja kabla ya kurudi nyumbani Moshi, na maneno kama hayo nimeyasikia kutoka kwa wabunge, wafanyabiashara, watalii, hata viongozi wa dini. Kosa lake ni lile lile kila mara. Abiria anaamini yule binti ameajiriwa kuleta maji.

Hakuajiriwa kuleta maji. Kanuni inayotumika karibu dunia nzima inataka ndege za abiria ziwe na angalau mhudumu mmoja kwa kila viti 50. Kama kazi ingekuwa kugawa soda na korosho, idadi hiyo isingewekwa kwenye sheria, kila kampuni ingejiamulia. Ndege ndogo zinazoruka kutoka uwanja wa Kisongo, Arusha, kwenda Serengeti na abiria kumi na wawili hazina mhudumu kabisa. Rubani mwenyewe anageuka nyuma, anakuonyesha mkanda na milango, halafu anawasha injini. Soda unanunua mwenyewe kabla ya kupanda. Mhudumu anawekwa pale ambapo watu ni wengi kiasi kwamba siku ya balaa hawawezi kutoka wenyewe bila kukanyagana.

Siku hiyo ndiyo tuliyofundishwa. Tulijifunza kuzima moto kwenye chumba kilichojaa moshi, kufungua mlango mzito gizani, kumsukuma mtu aliyeganda mlangoni kwa hofu, kumkanda kifua mtu ambaye moyo umesimama, kumpokea mtoto anayezaliwa angani. Kila mwaka unarudi darasani na kufanya mtihani upya, na ukishindwa huruki. Kumwaga chai bila kuunguza mtu nako tulifundishwa, lakini hiyo ilikuwa sehemu ndogo.

Ndege yenye viti zaidi ya 44 hairuhusiwi kubeba abiria mpaka mtengenezaji wake athibitishe kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Sekunde 90! Kwenye daladala ya Moshi mjini, huo ndio muda wa mama mmoja kushuka na ndoo yake ya parachichi. Ukiishika hesabu hiyo kichwani, amri zote zinazokukera zinapata maana. Kiti kilicholala nyuma kinamziba aliye nyuma yako. Meza iliyofunguliwa inakuziba wewe. Pazia la dirisha linaachwa wazi ili sisi tuone kama upande huo nje kuna moto kabla ya kufungua mlango. Usiku taa zinafifishwa ili macho yako yawe yameshazoea giza, usije ukapapasa ukuta wakati wenzako wanatoka. Hakuna hata amri moja kati ya hizo iliyobuniwa ili kukuonyesha nani mkubwa.

Tarehe 2 Januari 2024, kwenye uwanja wa Haneda mjini Tokyo, ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani ikiwa ndiyo kwanza inatua. Watano kati ya sita waliokuwa kwenye ile ndogo walifariki. Ile kubwa ilikuwa na watu 379. Moshi uliingia ndani, mfumo wa kutangazia ukafa, wahudumu wakabaki na sauti zao na kipaza sauti cha mkononi. Milango iliyofaa kutumika ilikuwa mitatu tu kati ya minane. Watu wote 379 walitoka wakiwa hai, kisha ndege ikaungua mpaka ikabaki majivu. Abiria waliacha mabegi yao ndani. Waliambiwa wayaache, wakayaacha. Mimi huwa najiuliza, ingekuwa ndege yetu ya tarehe 23 Desemba, kila mtu na begi la zawadi za nyumbani, laptopu, kitenge cha mama, je, tungeyaacha?

Najiuliza kwa sababu nimeshuhudia tunavyokuwa tukikaribia KIA. Ndege inaanza kushuka, taa ya mkanda inawaka, na papo hapo Kibo inajitokeza juu ya mawingu. Nusu ya abiria wa upande wa kushoto wanafungua mikanda na kuja na simu zao kuegemea wenzao wa kulia. Nawaelewa kabisa, mlima ni wetu na unapendeza. Lakini hewa inayopita kwenye mlima wa mita 5,895 haitulii kama hewa ya baharini, na mtikisiko mwingine hautoi taarifa. Mei 2024 ndege ya Singapore Airlines iliyotoka London ilipigwa na mtikisiko wa ghafla. Mtu mmoja alifariki, na wengi waliumia vichwa na migongo. Mwenye simu asubiri. Mlima hauhami, atauona vizuri zaidi akishuka kwenye ngazi.

Pombe nitaigusa kwa kifupi, maana kwenye safari zetu za saa moja si tatizo kubwa, ila kwenye zile ndefu za nje ndiyo inayozaa ugomvi. Hewa ya ndani ya ndege kubwa ikiwa juu kabisa hufanana na hewa ya mwinuko wa kati ya mita 1,800 na 2,400. Mtu wa Moshi atanielewa nikisema ni kama kukaa lango la Marangu, wanapoanzia wapanda mlima, na kupanda kidogo kuelekea kambi ya Mandara. Sasa mtu hajala, hajalala, ameanza kunywa tangu uwanjani, anaendelea huko juu huku hewa ni kavu na nyepesi. Mhudumu akianza kukuletea maji wakati wewe umeagiza bia ya nne, hajakusahau. Ameshakusoma.

Lakini si kila abiria mgumu ni mlevi au mwenye majivuno, na hili ndilo nililotaka hasa kulisimulia.

Jioni moja, miaka mingi imepita, nilikuwa kazini kwenye ndege ya kuja huku. Mzee mmoja alikaa safu ya mlango wa dharura, begi amelipakata mapajani. Safu ile haitakiwi kuwa na kitu chochote miguuni wala mapajani wakati wa kupaa. Mwenzangu alimwomba mara ya kwanza, akakataa. Alipomwomba mara ya pili, mzee akapandisha sauti: "Wewe mtoto unanijua mimi ni nani?" Abiria wakaanza kugeuka. Kijana mmoja akatoa simu arekodi.

Nikaenda mimi. Nikachuchumaa pale kwenye njia ili macho yangu yawe chini ya macho yake, nikasema, "Shikamoo baba." Hakuitikia. Mzee wa kwetu asipoitikia shikamoo, ujue kuna jambo zito. Ndipo nikaona kitambaa cheusi kimebanwa kwa pini kwenye shati lake. Nikamuuliza taratibu, "Baba, tunasafiri na msiba?" Akaniangalia muda mrefu, akasema, "Mdogo wangu yuko huko chini."

Jeneza lilikuwa kwenye shehena, chini ya miguu yetu. Ndani ya begi kulikuwa na karatasi za hospitali na kibali cha kusafirisha mwili, naye alikuwa na hofu kwamba zikipotea, watamzuilia ndugu yake KIA wakati Kibosho watu wameshachimba kaburi.

Sikumwachia begi. Hapo ndipo wengi hawatuelewi: huruma haibadilishi sekunde 90. Nilimwambia, "Baba, karatasi shika wewe mwenyewe, ziweke mfukoni mwa koti. Begi litakaa chini ya kiti cha mbele yako, utaliona. Ila hapa mlangoni haturuhusiwi, nitakutafutia kiti kingine." Kijana yule aliyetoa simu alikuwa amesikia. Akaiweka mfukoni, akasimama, akampa mzee kiti chake yeye, na yeye akaja kukaa mlangoni. Tukaruka.

Tulipotua, nilitangaza kwamba tuna mzee aliyefiwa, tunaomba ashuke kwanza. Abiria wote walibaki wamekaa. Hakuna aliyefungua kabati, hakuna aliyesimama na kuinamisha shingo chini ya dari kama tunavyofanya kila siku. Mzee alipita katikati yao, na kina mama wawili wakamwambia "pole baba" kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo mtu asiniambie Watanzania hatuwezi kutulia kwenye viti ndege ikisimama. Adabu ile tunayo, tumelelewa nayo, tunaitoa kwenye msiba bila kuombwa. Ninachokataa ni kuibania mpaka aliyevaa sare awe na kitambaa cheusi ndipo tumheshimu.

Na hasira zenu nyingine ni za haki, nasema wazi. Ndege inachelewa saa tano, hakuna anayekueleza, unaambiwa "kuna sababu za kiutendaji", maneno ambayo hayamaanishi chochote. Umekosa kikao, umekosa maziko, na mtoto amelala sakafuni. Kampuni zinakosea, na zinakosea zaidi kwa kunyamaza. Lakini binti aliyeko mlangoni hakupanga ratiba. Mara nyingi amekaa saa hizo hizo tano kama wewe, na habari amezipata baada yako. Lalamika kwa wenye uwezo wa kujibu. Chukua jina la msimamizi wa kituo, andika barua, tunza tiketi yako. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ina Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, wapelekee. Ukiwa ndani ya ndege fanya jambo moja: tii kwanza, lalamika ukishashuka. Mkataba wa Tokyo wa mwaka 1963 unampa rubani kiongozi mamlaka ya kumfunga abiria anayehatarisha chombo na kumshusha kituo chochote kile. Zamani wengi walishushwa wakaachiwa, kwa kuwa nchi ndege ilipotua mara nyingi haikuwa na uwezo wa kuwashtaki. Itifaki ya Montreal ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika Januari 2020, imelenga kuziba mwanya huo kwa nchi zilizoiridhia.

Yule bwana wa suti, kwa kuwa nimemtaja, aliletewa maji yake mara tu tulipotulia angani. Binti alimpa kwa mikono miwili. Yeye hakuinua macho kutoka kwenye simu.

Desemba inakuja na wengi wenu mnarudi nyumbani, halafu Januari mtashuka tena Dar na vitu. Ndizi mbichi pakieni kwenye boksi gumu, zipimwe kaunta. Mwenye mtoto mchanga amnyonyeshe ndege inapoanza kushuka, ili masikio yasimuume sana. Mbege, pombe yetu ya ndizi, msipande nayo kwenye dumu lililofungwa kwa nguvu, hata kama ni ya bibi. Inaendelea kuchachuka humo ndani, na huko juu hewa inayolizunguka dumu inapungua. Mhudumu akikuambia uiache, usimuulize anakujua wewe ni nani. Mimi nimewahi kuifuta kwenye kabati la juu, safu nzima, pamoja na koti la harusi la mtu aliyekuwa anawahi kanisani.